Mtumishi Mmoja, Akaunti Moja: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
DODOMA.

Nakala: Ofisi ya Rais – UTUMISHI, TAMISEMI, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Wakurugenzi Watendaji, Halmashauri za Wilaya za Mbulu na Hanang.

YAH: OMBI LA KITUO KIMOJA CHA UTAMBULISHO KWA WATUMISHI WOTE, HADI NGAZI YA ZAHANATI NA SHULE

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Bashay, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Nina steshenari. Nachapa, natoa kopi, naskani, na nawasaidia watu kuingia kwenye mifumo ya Serikali. Anakuja mkulima wa vitunguu saumu kuuliza habari za usajili wa mbolea ya ruzuku. Anakuja kijana anayeomba kazi. Wanaokuja zaidi ni walimu na wahudumu wa afya, nao huja jioni, wakati huko kazini umeme umekatika au mtandao umesumbua kutwa nzima. Hao ndio wamenifanya niandike.

Ninachoomba ni hiki: kila mtumishi awe na akaunti moja ya kazi, inayotambuliwa na mifumo yote ya Serikali anayopaswa kuitumia, inayofunguliwa siku anayoripoti kituoni na kufungwa siku anayoondoka. Nimeiandika barua hii hadharani kwa sababu inawahusu watumishi wa kila halmashauri, nao wana haki ya kuisoma, kuipinga au kuiongezea.

Tuanze na zahanati ya kijiji. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mganga mfawidhi amekuwa pia mtunza hesabu. Mapato na matumizi anayaingiza kwenye mfumo wa FFARS. Wagonjwa wanaandikishwa GoTHoMIS pale ilipokwisha kufungwa. Takwimu za mwezi zinaishia DHIS2. Maombi ya dawa yana mfumo wake. Manunuzi yamehamia NeST tangu 2023. Utendaji wake mwenyewe anaujaza PEPMIS, iliyochukua nafasi ya fomu za OPRAS. Shuleni mambo ni yale yale: mwalimu mkuu ana mfumo wa fedha, mfumo wa taarifa za shule, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kusajili watahiniwa, na hiyo ya manunuzi na utendaji juu yake.

Siusemi vibaya hata mmoja kati ya mifumo hiyo. Kila mmoja ulijengwa kwa haja yake na kwa wakati wake, na imetuondolea safari nyingi za kupeleka makaratasi wilayani. Lakini mingi imekuja na jina lake la kuingilia, nywila yake na masharti yake. Huu unataka herufi kubwa na alama. Ule unaikataa nywila uliyowahi kuitumia. Mwingine unakulazimisha kuibadilisha kila baada ya muda, ingawa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri kuacha desturi hiyo, kwa kuwa mtu anayelazimishwa kubadilisha nywila mara kwa mara huishia kuchagua nywila dhaifu. Matokeo yake nayaona mezani kwangu. Nywila ziko nyuma ya kava la simu, ziko kwenye jalada la daftari la maandalio ya somo. Wapo wanaoniomba niwatunzie. Huwa nawarudishia karatasi yao, ila najua wanaporudi nayo haina pa kukaa salama.

Hata hivyo, nywila kusahaulika ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni nywila kuazimwa.

Fikiria zahanati yenye watumishi watatu, na mmoja tu ndiye mwenye akaunti ya mfumo wa fedha. Akienda likizo ya uzazi, bili ya maji haisubiri, wala posho ya mlinzi haisubiri. Mwenzake anampigia simu, anatajiwa nywila, anaingia, anaandika malipo, kazi inaendelea. Hakuna aliyeiba, na mgonjwa amehudumiwa. Lakini kumbukumbu ya mfumo inasema malipo yale yaliandikwa na mama ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani akinyonyesha. Mkaguzi akija baada ya miezi minane, ndiye atakayeitwa kujibu. Na yule aliyeingia kwa jina la mwenzake, kwa nia njema kabisa, anajikuta pabaya mbele ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo tayari, tena la kisasa, lakini limejaa majina ya watu ambao hawakuandika walichoandikiwa.

Jambo la pili ni akaunti zinazobaki baada ya mwenyewe kuondoka. Mwaka 2016 nchi nzima ilifanya uhakiki wa watumishi hewa, kwa sababu mishahara ilikuwa inakwenda kwa majina yasiyo na watu kazini. Katika mifumo ya TEHAMA tunaweza kuwa na akaunti hewa kwa njia hiyo hiyo: mwalimu amehamishiwa mkoa mwingine, mhasibu amestaafu, nesi amefariki, na akaunti zao katika mfumo huu au ule bado ziko wazi, kwa kuwa kuzifunga kunahitaji mtu akumbuke kuandika barua kwa wasimamizi wa mfumo mmoja mmoja. Akaunti ya namna hiyo haiombi mshahara, kwa hiyo hakuna anayeishtukia. Ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayetaka kufanya ubaya bila kujulikana.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naandika kwenu kwa matumaini kwa sababu Serikali imewahi kulitatua tatizo la aina hii. Zamani kila taasisi ilikusanya malipo kwa njia yake na risiti zake. Ukaja mfumo mmoja wa malipo, GePG, na leo hata mzee wa Bashay asiyejua kusoma anajua kwamba hatoi fedha bila kontroo namba. Nanyi Mamlaka, mlioanza kama Wakala mwaka 2012 na kupewa nguvu mpya na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, mmejenga GovESB ili mifumo ya taasisi mbalimbali ibadilishane taarifa. Na kupitia mfumo wa watumishi wa ESS mtumishi anaingia kwa cheki namba yake, kisha humo humo anakuta PEPMIS, likizo, uhamisho na maombi ya mkopo. Hiyo ESS ndiyo dalili kwamba ninachoomba kinawezekana. Mifumo imekwisha kufahamiana. Kilichobaki ni mtumishi naye afahamike mara moja, popote anapoingia kufanya kazi ya umma.

Kwa wasomaji wasiofanya kazi za TEHAMA, nieleze kituo cha utambulisho kinavyofanya kazi. Mtu wa Bashay akienda benki mjini Mbulu kufungua akaunti, anaweza kuambiwa alete barua ya utambulisho. Anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anamfahamu na kujua anakaa wapi. Barua inamtaja mhusika, inataja inakopelekwa, ina tarehe, sahihi na muhuri. Benki haimfahamu mtu huyu, lakini inautambua muhuri wa mtendaji, na hiyo inatosha. Kituo cha utambulisho kinafanya kazi ya mtendaji kwa sekunde moja. Mtumishi anajithibitisha kwenye kituo hicho peke yake. Akitaka kuingia mfumo wa fedha, mfumo unamwelekeza kituoni. Kituo kinatoa hati fupi ya kidijitali yenye jina lake, cheo chake, mfumo inakokwenda na muda wa kuisha, ambao kwa kawaida ni dakika chache. Kisha kinaitia sahihi kwa ufunguo wa siri ambao ni wake tu. Mfumo wa fedha unaihakiki sahihi, unamfungulia. Nywila yenyewe haikufika huko hata kidogo. Hata mfumo mmoja ukidukuliwa, mwizi hakuti nywila za kumfungulia mifumo mingine.

Utaratibu huu una viwango vilivyokubaliwa duniani. SAML 2.0 ilipitishwa mwaka 2005, na OpenID Connect ikafuata mwaka 2014. Zipo kampuni kubwa zinazouza huduma hiyo kupitia wingu, na zipo programu huria kama Keycloak ambazo nchi inaweza kuziendesha kwenye seva zake bila kulipia leseni. Ufundi, basi, upo. Kazi ngumu ni kuupanga uwafae watu wa zahanati na shule, na hapo ndipo nina maombi.

Kwanza, akaunti ifungamane na ajira. Kumbukumbu za watumishi na mishahara ziwe ndiyo chemchemi yake. Mtumishi akiajiriwa, akaunti inazaliwa. Akihamishwa kutoka Mbulu kwenda Hanang, haki zake za Mbulu zinakoma siku hiyo na za Hanang zinaanza. Akistaafu, milango yote inafungwa mara moja. Haki za kuingia zitokane na nafasi anayoishika. Na anayekaimu apewe haki za kukaimu kwa jina lake mwenyewe, kwa siku zilizotajwa, kwa idhini ya mkuu wake ndani ya mfumo. Hili la kukaimu likipangwa vizuri, nywila za kuazima zitakufa zenyewe, kwa sababu hapatakuwa na haja nazo. Kama Mamlaka itakuwa na nafasi ya kutekeleza ombi moja tu katika barua hii, naomba liwe hili.

Pili, msiwasahau wasio na cheki namba. Wagonjwa wetu wazito wanapelekwa Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, na wengi katika wilaya zetu wanaitegemea. Hospitali za mashirika ya dini zina waajiriwa wao, wasio kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, lakini taarifa za wagonjwa wao ni sehemu ya taarifa za taifa. Wapo pia wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mpango jumuishi uliozinduliwa mwaka 2024, na walimu wanaojitolea. Kituo cha utambulisho kiweze kuupokea utambulisho uliothibitishwa na mwajiri mwingine anayeaminika, kwa mkataba ulio wazi, ili watu hawa nao waonekane kwa majina yao.

Tatu, uthibitisho wa pili uendane na simu zilizopo. Nywila moja inayofungua kila kitu, bila kinga ya ziada, ni hatari kuliko nywila kumi. Mtumishi athibitishe kwa kitu kingine alicho nacho mkononi. Njia rahisi ni namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi, kwani laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole katika zoezi lililofungwa Januari 2020. Lakini laini huibwa, na matapeli huwahadaa watu kutaja namba wanazotumiwa. Mwenye simu janja apewe programu inayozalisha namba mpya kila sekunde 30, ambayo haihitaji bando wala mnara. Mwenye kitochi apewe karatasi ya namba za kutumika mara moja moja, aitunze kama anavyotunza kitambulisho chake. Wanaoidhinisha fedha wapewe kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, maana kwao hasara ni kubwa zaidi.

Nne, pawe na njia ya karibu ya kurejesha akaunti. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakapiga Katesh, Gendabi na vijiji jirani. Watu wengi walifariki. Waliosalia, wapo waliotoka bila simu, bila karatasi, bila kitambulisho. Katika siku kama zile, nesi na mtendaji wanahitajika kazini kuliko wakati wowote, na hawawezi kuambiwa wasubiri namba iendayo kwenye simu iliyozikwa. Afisa TEHAMA wa halmashauri awe na mamlaka ya kumrejeshea mtumishi akaunti siku hiyo hiyo, mbele ya mtu wa pili anayemfahamu kwa sura, kama mtendaji wa kata au mkuu wake wa kazi, na wote wawili waandikwe kwenye kumbukumbu. Kumpigia mtu wa Dodoma asiyekujua, akakuuliza jina la shule uliyosoma, si ulinzi. Hilo hata tapeli analijua.

Tano, kituo kikae nchini, na kivumilie mtandao wa kwetu. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Kama mlango wa kuingilia mifumo yote ungekuwa kwenye seva za ng'ambo peke yake, siku ile hata mfumo ulio kwenye seva ya hapa hapa nchini usingeweza kumtambua mtumishi wake. Wingu litumike, lakini liwe wingu la Serikali, kwenye vituo viwili vya kutunzia kumbukumbu au zaidi vilivyo mbali kimoja na kingine ndani ya nchi. Na kwa kituo cha afya ambacho mtandao wake hupotea kwa saa nyingi, mfumo wa wagonjwa uruhusiwe kumkumbuka mtumishi aliyekwisha kuthibitishwa asubuhi, ili mgonjwa wa saa tisa asikose kuandikishwa.

Sita, kituo kilindwe kuliko mfumo mwingine wowote. Anayekusanya funguo zote mahali pamoja amekusanya pia hatari zote. Mwezi Julai 2023 Microsoft ilieleza kwamba kundi la wadukuzi lilikuwa limepata ufunguo wake mmoja wa kutia sahihi na kughushi hati za kuingilia, likasoma barua pepe za taasisi zipatazo 25, zikiwamo Wizara ya Mambo ya Nje na Wizara ya Biashara za Marekani. Mwezi huo huo, Kenya, ambayo imeweka maelfu ya huduma za umma nyuma ya mlango mmoja wa eCitizen, ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, na wananchi wakakwama kwa pasipoti na leseni. Mifano hii miwili haisemi tuache. Inasema ufunguo wa kutia sahihi ukae ndani ya kifaa maalumu na usitoke humo, ubadilishwe kwa ratiba, na mifumo ya huduma za dharura iwe na njia ya akiba iliyojaribiwa kabla ya siku ya shida.

Saba, kituo kisigeuke jicho la kuwachungulia watu. Kitajua nani aliingia wapi, saa ngapi, kwa simu gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa na zisitumike nje ya hapo. Tangazeni mapema kumbukumbu hizo zitatunzwa kwa muda gani, nani ataziona na kwa kibali cha nani. Mtumishi aweze kuona mwenyewe orodha ya mahali jina lake lilipoingia. Akiona ingizo asilolijua, yeye atakuwa wa kwanza kupiga kelele, na hakuna mlinzi bora kuliko huyo.

Najua fedha si nyingi, na mifumo ni ya wizara tofauti zenye wakandarasi na kalenda tofauti. Ndiyo maana naomba muanze kidogo. Chukueni halmashauri mbili, Mbulu na Hanang, na mifumo mitatu: wa fedha za vituo, wa wagonjwa na wa manunuzi. Sisi tunafaa kwa majaribio. Tuna milima na mabonde yanayosumbua minara, tuna hospitali kubwa ya kanisa, tuna shule za mbali, tuna watumishi wanaohama kila mwaka. Kitakachosimama hapa kitasimama popote. Kisha wekeni sharti kwamba kuanzia hapo hakuna mfumo mpya wa Serikali utakaoidhinishwa ukiwa na nywila zake wenyewe. Sheria ya mwaka 2019 imewapa sauti juu ya viwango. Itumieni hapo, maana mfumo mpya ni rahisi kuunganishwa siku unapojengwa kuliko miaka mitano baadaye.

Wataalamu mtapima kazi hii kwa vipimo vyenu. Sisi wa huku tutaipima kwa kimoja. Baada ya mwaka mmoja wa majaribio, mkaguzi na aingie katika zahanati yoyote ya Mbulu au Hanang bila kupiga hodi ya mapema, achague malipo yoyote kwenye mfumo, na amuulize aliyetajwa: uliyaandika wewe? Jibu likiwa ndiyo, naye akaeleza kwa nini, pelekeni mpango huu mikoa yote. Likiwa hapana, rudini Bashay mtuulize palipokwama, tutawaonyesha.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye steshenari,
Bashay, Wilaya ya Mbulu, Manyara.